Shemeji alipanga wageni wa binti yangu kama elektroni, mimi nikawekwa katikati

Wakuu, salamu kutoka Kyondo. Hii iko ukweli mutupu, alama ninayo juu ya jicho.

Biira, binti yangu, alikuwa anakuja kuposwa. Shida: ukoo wetu, wakwe wa Nyakiyumbu na wajomba zake wa Congo hawasalimiani. Wakwe walishaapa: matusi ikianza, wanarudi na mbuzi zao.

Mimi shule niliishia darasa la nne, P4, nabeba mizigo mpakani Mpondwe. Kupanga viti nikamwachia mume wa dada yangu. Nataja jina: Masereka, mwalimu wa chemistry Bwera. Mhalifu namba moja.

Alikuja na baluni nne, akazifunga pamoja fundo moja.

"Shemeji, unaona? Inasukumana mpaka moja inasimama juu. Elektroni pia inakaa jozi jozi, kila jozi inakimbia zingine. Ndiyo inaipa molekuli umbo."

"Na watu?"

"Watu ni vilevile."

Koo tatu, jozi tatu. Ya nne ni mzee Kule na bibi yake, majirani walevi, hawana mutoto wala ndugu. Masereka karibu acheze kwa furaha.

"Lone pair hiyo, jozi pweke! Haijashika mutu, kwa hiyo inasukuma kuliko zote. Weka juu!"

Tukawaweka juu ya kilima, pale naanika kahawa. Tenti tatu chini. Katikati, kiti yangu.

"Wewe ndiyo atomu ya katikati."

Nikaona ni heshima. Ujinga huo.

Nyama ilipofika tu, Kule akaanza kutoka juu: "Nyinyi wa Nyakiyumbu, mbuzi zenu inakohoa!"

Bibi yake: "Na hao wa Congo, walisikia harufu ya nyama mpaka ng'ambo!"

Halafu wakaanza kuturushia mifupa.

Kila ukoo ukamkimbia Kule. Lakini wakuu, ukimkimbia Kule unamwangukia mwenzako. Mwisho wote walijibana tenti moja, wanamtukana pamoja, wanapeana chumvi. Wakwe wakanikabidhi mbuzi.

Masereka alikuwa anapima tenti na ile protractor ya mbao ya shule, ya kupimia pembe. "Pembe imepungua! Amonia kabisa, jozi pweke juu imebana tatu za chini!"

Mimi? Atomu ya katikati haikimbii. Mfupa wa paja ulinikuta palepale, juu ya jicho.

Biira aliolewa vizuri. Kinachoniuma ni kwamba Masereka alikuwa sawa.

Somo: ukikuta kiti ya katikati iko wazi, uliza kwanza kwa nini. Na wewe, sherehe gani ilikuachia alama? Andika hapa.

Mimi natoka kidogo. Masereka sasa anapangia watu sherehe Kasese yote, na amepiga simu: "Shemeji, njoo haraka, sina katikati."