Ulimi wa Esekon Baada ya Hospitali

Esekon Lotukoi alikuwa mtu wa katikati. Hakuwa na mifugo ya kujivunia, wala lori la kuisafirisha. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mwenye mbuzi na mnunuzi katika soko la mifugo la Isiolo, akipeleka maneno ya huyu kwa yule mpaka wapeane mikono. Wazee walimwita dalali, vijana wakamwita broka. Alizaliwa Mturkana, akacheza utotoni na watoto wa Waborana, akawa utingo kwenye lori la Wasomali, kisha akaishi Meru miaka kadhaa akifanya vibarua vya shamba. Kila mahali alipokula ugali, alitoka na lugha. Watu walikuwa wakisimama kumsikiliza tu, jinsi alivyogeuka kutoka Kiturkana kwenda Kimeru, na kutoka Kimeru kwenda Kiborana, bila hata kuvuta pumzi.

Mwaka wa 2021 korona ikamwangusha. Alianza na kikohozi, akadhani ni vumbi. Siku mbili baadaye alikuwa hospitalini, amelazwa kifudifudi na bomba la oksijeni puani. Mkewe Linda alikatazwa kuingia wodini. Alikuwa akisimama nje ya geti na chupa ya uji mkononi, akiuliza kila mwenye koti jeupe, "Yule wa Chechelesi bado anapumua?"

Alipumua. Baada ya wiki kadhaa daktari alimwambia, "Mzee, umepona. Nenda nyumbani, ukale vizuri." Majirani wa mtaa wao wa Chechelesi walimpokea kwa nyimbo, ingawa waliimbia mbali kidogo, kila mtu na barakoa yake.

Siku chache baadaye Esekon alikuwa amekaa mlangoni, koo limekauka. Akamwita mkewe.

"Mama Sarah, niletee biyo."

Linda alicheka. "Tangu lini umekuwa Msomali humu ndani?"

Esekon naye akacheka, akajaribu tena. "Niletee bisaan." Hilo ni neno la Waborana. Akatikisa kichwa, akajaribu mara ya tatu, likatoka la Wameru: ruuji. Alilijua lile neno alilolitaka, aliliona kabisa kama mtu amesimama ng'ambo ya barabara, lakini halikuvuka. Mwishowe akaonyesha mtungi kwa kidole.

Linda alimletea maji kwenye kikombe. Hakucheka tena.

"Baba Sarah, unanitania?"

"Sijui," akasema Esekon. Na kweli hakujua.

Mambo mengine yakafuata. Akiinama kufunga viatu, moyo unakimbia kama ametoka mbioni. Akienda dukani, anafika na kusimama mbele ya kaunta asijue alitumwa nini. Alilala mchana kutwa, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Halafu, bila sababu, zikaja siku nzuri. Akaamka mwepesi, akafagia uwanja, akatengeneza mlango wa choo, akaongea na kila mpita njia kwa lugha yake bila kukosea. Linda akamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake Esekon hakuweza kuinuka kitandani, na ikawa hivyo karibu wiki nzima.

Jambo hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Ugonjwa anaoujua yeye huja, ukakupiga, ukaondoka au ukaondoka nawe. Huu ulikuwa unaingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Kaka yake Ekuam alikuja kutoka Gotu na maoni yake. "Kuna mtu amekuangalia vibaya huko sokoni," akasema. "Tuchinje mbuzi, tukupake majani ya tumboni mwake yaondoe jicho hilo." Mchungaji wa kanisa lao naye alikuja na maoni yake: yafanyike maombi ya kufunga. Esekon alikubali yote mawili, maana hakuwa na nguvu ya kubishana. Mbuzi akachinjwa, maombi yakafanyika. Baada ya hapo alipata siku tatu nzuri, na Ekuam akasema ni mbuzi, mchungaji akasema ni maombi. Siku ya nne akawa chini tena, na hakuna aliyesema kitu.

Hata hivyo siku nzuri zilianza kukaribiana, na Esekon akaamua kurudi sokoni.

Siku hiyo Mzee Erot alikuwa ameshuka kutoka upande wa Gotu na mbuzi wake. Erot alimjua Esekon tangu akiwa mtoto, maana alichunga mifugo pamoja na babake Esekon. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na hakutaka kukijua. Mnunuzi alikuwa Mutuma, Mmeru anayepeleka mbuzi kwa wachinjaji wa juu huko Meru, mtu wa haraka haraka. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakielewana kupitia mdomo wa Esekon tu.

Mzee Erot alimvuta kando, akamwonyesha mbuzi dume mweusi aliyehasiwa, mwenye kengele shingoni. "Huyu ndiye anayeongoza wenzake," akamwambia kwa Kiturkana. "Nimemleta ili wengine wamfuate. Yeye hauzwi. Mwambie huyo rafiki yako."

Esekon akageuka kwa Mutuma, akasema. Mutuma akaitikia kwa kichwa. Wakapatana, wakapeana mikono, na Mzee Erot akaenda kunywa chai kwenye kibanda.

Aliporudi, lori lilikuwa limeondoka. Na mbuzi mweusi hayupo.

"Kiongozi yuko wapi?" Erot aliuliza. Kisha akauliza tena, kwa sauti iliyofanya soko zima ligeuke.

Esekon alipomfasiria, Mutuma alishangaa. "Niliambiwa huyu mweusi ndiye kiongozi, nimpandishe wa kwanza, wengine watafuata. Si ndivyo ulivyosema, Esekon?"

Esekon alifungua mdomo. Alitafuta ndani ya kichwa chake maneno aliyomwambia Mutuma, saa ile ile, pale pale, na hakukuta kitu. Ilikuwa kama kutia mkono mfukoni ukakuta kidole kimetokea upande wa pili. Alikumbuka Erot akisema. Alikumbuka Mutuma akitikisa kichwa. Katikati, palipokuwa na yeye mwenyewe, hapakuwa na kitu.

"Nilisema nini?" akamuuliza Mutuma.

"Unaniuliza mimi?"

Mzee Erot alimkazia macho. "Mwana wa Lotukoi," akasema polepole, "umeanza kuuza ulimi?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema hapana, huyu amekula pande zote mbili, sasa anajifanya mgonjwa. Esekon alisikia yote, na kwa aibu kubwa akajikuta anawaza: je, kama ni kweli? Mtu asiyekumbuka alichosema atajitetea vipi?

Aliyeendesha lori lile alikuwa Abdinajib, rafiki yake wa tangu siku za utingo. Esekon akatoa simu, akampigia. Abdinajib alipokea, Esekon akamweleza haraka haraka: mbuzi mweusi, mwenye kengele, si wa kuuzwa, simamisha lori, mteremshe.

"Esekon," Abdinajib akasema, "salama kweli? Unaniongelesha Kiturkana. Mimi Kiturkana sijui, ndugu yangu."

Esekon alijaribu kugeuza. Kisomali alikuwa nacho tangu ujana, alikuwa akikiota hata usingizini. Hakikuja. Kiswahili kikaja vipande vipande: "Mbuzi... kengele... hapana." Akampa Mutuma simu na kuketi chini kwenye samadi, mbele ya watu wote.

Lori lilikuwa limeshafika Subuiga, kwenye barabara ya kupanda Meru. Abdinajib alimteremsha yule mbuzi, akamfunga nyuma ya hoteli ya chai, na kabla jua halijazama pikapu ya mboga iliyokuwa ikishuka Isiolo ilimrudisha. Mutuma ndiye aliyemkabidhi. Mzee Erot alimshika mbuzi wake masikio, akamkagua miguu, akaondoka naye kuelekea Ngare Mara, njia ya kwao. Hakumuaga Esekon.

"Heri angenitukana," Esekon alimwambia Linda walipofika nyumbani.

"Kesho tunarudi hospitali," Linda akajibu.

Walirudi. Esekon alipimwa damu, sukari, presha, akapigwa picha ya kifua. Daktari kijana aliangalia picha ile akiiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Kila kitu kiko sawa, mzee. Hakuna ugonjwa hapa."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

Esekon akaeleza. Daktari alisikiliza kwa adabu, akaandika dawa ya usingizi, akamwambia apunguze mawazo.

Alipotoka nje, Esekon alikaa kwenye benchi la kungojea dawa na hakutaka kuinuka. "Kama hakuna ugonjwa," akamwambia Linda, "basi ni nani huyu anayechanganya mambo? Ni mimi?"

Linda alimshika mkono tu.

Hapo ndipo muuguzi mmoja aliyekuwa akipita aliposimama. Alikuwa mwanamke wa Kisomali, amevaa hijabu ya buluu. "Baba, si wewe uliyelala kitanda cha dirishani, wodi ile ya korona? Mimi ni Fardowsa. Ulikuwa unanitania kwa Kisomali na bomba puani. Uliniambia ukitoka utanitafutia mchumba mwenye ngamia."

Esekon alimtazama sana. "Sista, nisamehe. Sikumbuki hata siku moja."

Fardowsa aliketi pembeni yake. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: anachoka lini, baada ya kufanya nini, siku nzuri zikoje na kinachofuata ni nini. Esekon alipomaliza, muuguzi alivuta pumzi.

"Si wewe peke yako," akasema. "Kuna mwalimu huja hapa, hawezi kusoma ukurasa mmoja akaumaliza. Kuna mama wa Burat, mama mwenye nguvu kabisa, sasa ndoo ya maji inamshinda. Wote waliambiwa wamepona."

"Basi ni ugonjwa gani?"

"Korona ndiyo iliyoacha haya. Inaachaje, kwa nini wewe na si jirani yako, hata sisi hatujaelewa vizuri. Ninachojua ni kwamba mnakuja, na hamdanganyi."

"Nitapona?"

"Wengine wamepona, Baba. Wengine wanaenda polepole. Wewe sijui, na sitaki kukudanganya. Lakini siku nzuri ikija, usiimalize yote. Fanya nusu, halafu kaa, hata kama hujachoka. Na kazi ya kichwa ifanye moja moja. Usibebe lugha tano kwa mkupuo."

Njiani kurudi Chechelesi Linda alikuwa na furaha, kwa sababu mumewe hakuwa mwendawazimu wala mwizi. Esekon alifurahi pia, lakini furaha yake haikukaa sawasawa. Alikuwa amepata jina la aliyempiga, lakini hakuna aliyejua kama ameondoka au bado yumo ndani.

Ekuam ndiye aliyempeleka kwa Mzee Erot, kwa pikipiki, wakipumzika njiani mara nyingi. Esekon alieleza kwa Kiturkana, lugha ya mamake, ambayo haikumtupa hata siku moja. Erot alisikiliza akichokonoa meno kwa mswaki wa mti.

"Ugonjwa wa kusahau ulichosema," akarudia. "Na hiyo korona si iliisha? Walisema kwenye redio."

"Ndivyo wanavyosema, mzee wangu."

"Hmm." Erot aliutoa mswaki mdomoni. "Babako hakuwa mwongo. Nitakuja kwako tena sokoni. Lakini nitakuja na mke wa mwanangu, yeye amesoma, anajua Kiswahili. Atasikia na yeye."

Ilimuuma Esekon, lakini aliupokea mkono wa mzee.

Miezi mingi hakwenda sokoni. Nyumba ilishikwa na Linda na shamba lake dogo la Burat, la sukuma wiki na nyanya, na Esekon akajifunza kupalilia mstari mmoja na kukaa, mstari mmoja na kukaa, huku wake za majirani wakimshangaa mwanamume mzima akikaa kivulini asubuhi. Kisomali kilirudi kwanza, polepole. Siku moja Abdinajib alipiga simu kumjulia hali, wakaongea mpaka salio likaisha, na ndipo wote wawili wakagundua ni lugha gani walikuwa wakiongea. Kiborana kikafuata, ila kwa siku fulani tu. Kimeru kilibaki mbali. Kuna asubuhi kinakuja chote, na methali zake, mpaka Mutuma anapiga makofi. Kesho yake salamu tu ndiyo inayobaki.

Sasa amerudi sokoni, miaka imepita. Hafanyi kama zamani. Huchukua mapatano mawili au matatu kwa siku, Kiturkana na Kiswahili peke yake, na kabla watu hawajapeana mikono humwomba kila mmoja aseme kwa mdomo wake alivyoelewa. Mke wa mwana wa Erot bado huja, husimama kando na kusikiliza. Mara moja moja humsahihisha. Esekon humshukuru.

Linda humuuliza jioni, "Leo ilikuwaje?" Naye hushindwa kusema ilikuwa nzuri au mbaya, kwa sababu hajui bado kesho itamdai nini.

Na wapo wageni sokoni, wafanyabiashara wapya kutoka Marsabit na Moyale, ambao wamesikia kwamba dalali huyu anajua Kiborana safi. Wakija kumsalimu kwa Kiborana, siku nyingine humkuta ameketi kwenye kigoda chake karibu na ua, anawajibu kwa Kiswahili kifupi, halafu anatazama pembeni. Wanaambiana kwamba mzee huyu anaringa. Esekon huwaacha waseme hivyo. Kulieleza jambo lenyewe kunamchosha kuliko kazi.