Landrova ya Eddo na Fyuzi Tatu za Akiba

Fyuzi ya kwanza ilikatika mbele ya askari. Tulikuwa tumetoka Garissa baada ya chai ya asubuhi, mimi kwenye usukani na shangazi yangu nyuma, amenyoosha goti lake bovu kwenye benchi, kando ya magunia mawili ya chumvi ya ngamia. Kwetu shangazi wa upande wa baba ni eddo, naye humwita mtoto wa kaka yake eddo vilevile. Kwa hiyo tukiwa wawili garini, kila sentensi huanza au huishia na neno hilo.

Kwenye kizuizi, kabla ya barabara ya Balambala, askari alizunguka nyuma akaniambia nikanyage breki.

"Nimesema kanyaga."

"Nimekanyaga, afande."

Akaniambia nijaribu indiketa. Hazikuwaka. Nikatazama dashibodi: sindano ya mafuta imelala chini kana kwamba tangi ni tupu, na mimi nilikuwa nimelijaza jana yake.

"Mama," askari akamwambia eddo kupitia dirisha la nyuma, "lori la mchanga likiwafuata, dereva atajuaje kama mmesimama?"

"Ataniona mimi," eddo akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi si mdogo."

Askari alicheka, lakini aliturudisha. Alisema yuko zamu hapo hadi jioni, na tukitengeneza taa tukarudi, hata saa tisa, atatupisha.

Safari hiyo haikuweza kungoja kesho. Mchungaji wa eddo alikuwa amepiga simu usiku uliotangulia: ngamia fulani amezaa, jike, kundi liko karibu na Balambala, na alfajiri baada ya siku hiyo ya safari yetu wataondoka kufuata mvua mahali ambapo hakuna gari litakalofika. Ngamia huyo alikuwa mjukuu wa yule ambaye eddo alipewa na marehemu mumewe walipooana. Katika uzao wote wa yule wa kwanza, ukame ulikuwa umemwachia huyo mmoja. Eddo alikuwa hajamwona kwa miaka miwili, kwanza kwa sababu ya ukame, halafu kwa sababu ya goti. Magari madogo hayawezi ule mchanga, na goti lake halikunjiki kwenye viti vyake. Zaidi ya hayo, alitaka kwenda na Landrova. Ndiyo iliyompeleka mumewe kwenye malisho maisha yake yote.

Mimi naijua gari ile tangu utoto. Iliundwa Uingereza kabla sijazaliwa, na ndani yake kuna harufu ambayo sijaikuta kwingine popote: chumvi, ubani, maziwa yaliyochacha na mpira wa zamani. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimekuwa karani wa stoo Isiolo, nimeuza viatu Mombasa, nimekuwa utingo wa lori Mandera na Lafey. Kila nikirudi Garissa nakaa wiki mbili, nikivuta harufu ya ile gari kama mtu anayenusa nguo za nyumbani, kisha naondoka tena. Safari hii nilikuwa nimebakiza siku tatu.

Tuliporudi uani kwa eddo nikafungua kisanduku cha fyuzi. Zile ni fyuzi za kioo, ndogo kama kipisi cha sigara, na siku hizi madukani mwetu utapewa za plastiki zenye miguu miwili. Kwenye mkebe wa marehemu zilibaki tatu. Iliyokatika ilikuwa nyeusi ndani. Nikaweka mpya, nikamwomba eddo asimame nyuma, nikakanyaga breki.

"Zinawaka zote mbili," akasema.

"Basi ilikuwa fyuzi tu. Imezeeka."

Akapandia kigoda, akaingia, akashika goti lake kwa mikono miwili na kulinyoosha. Nikaliondoa gari. Langoni nikakanyaga breki kumpisha mbuzi, na ile sindano ya mafuta ikaanguka: fyuzi imekatika tena.

Nikaamua kwamba kosa liko kwenye swichi ya breki. Niliifungua, nikasugua ncha za waya kwa msasa, nikafunga, nikaweka fyuzi ya pili ya akiba. Nilikanyaga mara kumi. Eddo alihesabu kwa sauti, kila mara taa mbili. Akapanda tena, safari hii polepole zaidi. Hatukufika hata langoni.

Nilikwenda kwa fundi wa umeme wa magari nikiwa na zile fyuzi tatu zilizoungua kiganjani. Alizitazama kwa huruma.

"Tupa hizi. Funga waya wa shaba hapo, mnene, utasahau kama kulikuwa na fyuzi."

"Na waya zikiungua?"

"Ndugu, nyinyi mnakwenda Balambala tu."

Nilirudi na kipande cha waya wa shaba mfukoni, nikijua siwezi kukitumia. Marehemu hakuruhusu kitu cha aina hiyo kwenye gari lake. Fyuzi ikikatika mara mbili, alikuwa akisema, acha kuilisha, nenda ukaulize anayeila. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Eddo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, simu mapajani.

"Mchungaji anauliza tumefika wapi," akasema. "Nimemwambia tumefika uani."

Akaitazama Landrova, akaendelea taratibu, "Hii gari ina wivu, eddo. Nikisimama nje inawaka. Ikiniona naingia, inakufa."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Lafey kuna dereva wa lori aliyenifundisha kutafuta kosa bila kuchoma fyuzi. Unatoa fyuzi, na mahali pake unaunganisha balbu. Umeme ukienda kwenye kazi yake ya kawaida, balbu hutoa mwanga hafifu. Umeme ukipata njia ya mkato kwenye chuma cha gari, balbu huwaka kwa nguvu zake zote, wala hakuna kinachoungua. Nikachukua balbu ya taa ya mbele na waya mbili. Nikabana pedali ya breki kwa kipande cha ubao dhidi ya kiti. Balbu ikawa hafifu, rangi ya chai.

"Eddo, naomba upande."

"Tunakwenda?"

"Hapana. Panda tu."

Alipanda. Alipoketi tu kwenye benchi, balbu ikawaka ikanichoma macho.

"Shuka kidogo."

Ikafifia.

"Panda tena."

"Walahi, mimi ndiye niliyeharibika?"

"Si wewe, eddo. Ni uzito."

"Uzito wa nani?"

"Wa magunia," nikasema haraka.

"Magunia hayajashuka tangu asubuhi," akajibu. Lakini alipanda mara ya tatu, akakaa, na mimi nikaingia chini ya gari na tochi.

Niliona mara moja. Waya za taa za nyuma hupita kando ya chesisi, zikishikwa na vibanio vya bati. Kwa miaka mingi chumvi ya ngamia ilikuwa imepukutika kupitia matundu ya sakafu na kuvila vile vibanio hadi vikaisha. Waya zikaning'inia juu ya springi. Gari likiwa tupu, hakuna kinachogusana. Eddo akiketi, springi inapanda na kuzibana, na mmojawapo, ule wa taa za breki, ulikuwa umechunika hadi shaba yake ikaonekana.

Niliukata pale palipochunika, nikaunga, nikafunga utepe, nikazipitisha waya zote ndani ya kipande cha mpira wa maji na kuzifunga juu, mbali na springi, kwa ukanda wa tyubu. Eddo alikaa, akajitingisha kwa makusudi, akajitingisha tena. Balbu ilibaki rangi ya chai. Nikaweka fyuzi ya tatu, ya mwisho.

Kabla ya kuondoka nilitandaza turubai chini ya magunia. Sikuyaacha, ngamia aliyezaa anahitaji chumvi.

Askari alikuwa bado pale. Alizunguka nyuma, nikakanyaga, akapiga bodi kofi moja.

"Mama, leo utaonekana."

"Nilikwambia," eddo akasema.

Tulifika jua likikaribia kuzama, ngamia wakirudi kwa mafungu, na yule mwenye mtoto alikuwa amefungwa karibu na mchungaji. Eddo hakungoja kigoda. Alishuka kwa kunishika bega, akaenda akichechemea, akamwekea yule ngamia mkono shingoni na kumsemesha maneno ambayo sikuyasikia. Ndama alisimama kwa miguu yake mirefu isiyojua pa kukanyaga, nyuma kabisa ya gari.

Baadaye, eddo akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi, alinigeukia.

"Rudi garini, eddo. Kanyaga."

Nikakanyaga. Mwanga mwekundu ukamwangukia ndama kifuani, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akasogea kunusa. Nilishikilia pedali. Eddo alisema nisiachie bado, nami nikaona kuondoka kwangu baada ya siku tatu kunaweza kungoja.