Kuku wa Kipaimara

Niliwanyima kuku hamsini chakula kwa wiki tatu, nikaita utaalamu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma bure.

Kiwanda kilikuwa kimetupunguza kazi. Nikarudi nyumbani kwangu Soweto, hii ya Moshi mjini, na kukaa tu hakukunisumbua, maana mimi ni mtu wa kibarazani tangu kuzaliwa. Kilichoniuma ni kipaimara cha binti yetu. Kaka yangu wa Old Moshi, kule juu mlimani, alishasema atatoa mbuzi, pamoja na hotuba, bila shaka, ya jinsi nilivyoshindwa maisha. Nikamjibu mbele ya ukoo mzima: "Mbuzi wako kaa naye. Nyama natoa mimi." Nikanunua vifaranga vya kuku wa nyama.

Bwana mifugo alinieleza vizuri, sina pa kumlaumu. "Hawa wanakua mbio, miguu na moyo havihimili," alisema. "Wiki ya pili wapunguzie chakula siku chache tu. Halafu warudishie chote, watafidia." Mimi nikabeba "wapunguzie" na "watafidia". Zile siku chache nilimwachia palepale.

Wiki ya pili ikaisha, gunia la chakula bado limenona. Kama siku chache zinafaa, si ishirini zitafaa zaidi? Na hesabu ya kidato cha nne nilifaulu, tena vizuri.

Mke wangu akasimama mlangoni mwa banda. "Baba watoto, hao kuku wanakutazama vibaya."

"Wanafunga mkanda kwa muda. Watafidia."

Nikajisikia nikiyasema hayo. Ndiyo maneno aliyotulisha meneja mwaka mzima kabla ya kutufungia geti: fungeni mkanda kwa muda, mtafidiwa. Nilimchukia mtu yule mpaka meno yakaniuma. Na kikopo cha chakula nimekishika mkononi, kimejaa nusu tu.

Siku moja nikawafungulia wakajitafutie chini ya migomba, kama kuku wa mama yangu. Hawakuchakura hata kidogo. Walikaa mlangoni, macho kwangu. Mnyama wa bandani hula ulichomletea, basi; sisi tunaokatia ng'ombe majani maisha yetu yote, nani asiyelijua hilo? Nikawatukana. Kuku! Nikawaita wavivu, nikawaita mizigo, kila jina nililoitwa mimi pale getini.

Zilipobaki siku nane kabla ya kipaimara ndipo nilipojaza vyombo. Walikula kama moto. Wachache wenye ubavu, waliokuwa wakiwasukuma wenzao, wakaongezeka. Waliobaki vifua vyao vilikuwa mfupa mtupu. Kufidia kunataka muda, na muda nilishaumaliza mimi, kwa kikopo.

Jumamosi asubuhi, kesho yake kipaimara, akaja jirani yetu, mzee fundi cherehani. Yeye ni Mwislamu, na ndiye hutuchinjia kila sherehe ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wako wapi?"

Nikamwonyesha banda. Akainama, akamwinua mmoja, akampapasa kifua, akamweka chini polepole kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe. Akamjaribu wa pili. Akamjaribu wa tatu. Mke wangu alikuwa ameshabandika maji ya kunyonyolea, yanachemka, na hakuna aliyethubutu kuyatazama. Mzee akakirudisha kisu chake kwenye ala.

"Mwanangu, hapa hakuna cha kuchinja. Walishe hawa, halafu panda huko juu ukamwombe kaka yako mbuzi."