Uzi wa Maji Kichwani mwa Ndeshi

Ndoto zilianza kumjia Ndeshi mchana kweupe, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu apunguzwe kazi kwenye bustani ya miche Olmotonyi, alikuwa akiuza mitumba sokoni Kwa Mrombo, Arusha. Ndoto zilimkuta amesimama, gauni mkononi. Kwanza harufu ya maua ya kahawa, kisha sauti za watu zikisogea mbali kama zinatoka ng'ambo ya korongo, na moyo ukimwambia kwamba saa hii amekwisha kuiishi. Akizinduka, mteja ameshaondoka.

Hakumwambia mtu. Zilikuwa tamu, ndoto zile. Hadi siku alipoanguka juu ya belo la nguo, mumewe Sifael akampeleka hospitali.

Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe kichwani.

"Mama, huu unaweza kuwa wa aina mbili, na kwa picha hii zinafanana," daktari alisema kwa upole. "Mmoja huota ndani ya ubongo wenyewe. Huo ni mbaya, sikufichi. Mwingine huota kwenye utando wa juu, ukausukuma ubongo tu. Nendeni Nairobi, kuna mashine ya sumaku inayopiga picha za wazi zaidi."

Sifael akauza ng'ombe wa maziwa, wakavuka mpaka Namanga.

Ndani ya mashine palikuwa na kishindo kama mashoka yakikata misonobari. Ndeshi alifumba macho, akajiona anatembea kati ya miche, umande ukimlowesha miguu, wala hakuogopa.

Daktari Abdulhalim, mtaalamu wa picha, alizibandika picha kwenye kioo chenye mwanga.

"Unaona mstari huu mweupe, mwembamba kama uzi? Ni maji. Yamepita kati ya uvimbe na ubongo. Ungekuwa umeota ndani, yasingepata njia."

"Kwa hiyo nitapona?"

"Kwa hiyo nadhani ni ule wa kwenye utando, na unaweza kutolewa. Neno la mwisho ni la maabara."

Sifael alikaa chini, sakafuni, akalia.

Ndeshi alipasuliwa wiki iliyofuata, na maabara ikakubaliana na picha. Nywele ziliota upya, zenye mvi. Ndoto hazikuota tena. Asubuhi za kwanza nyumbani, Ndeshi alikaa mlangoni, uso kauelekeza Mlima Meru uliofunikwa na mawingu, akitega pua kama anayesaka maua ya kahawa.

"Mama Anande, unangoja nini hapo?" Sifael aliuliza.

"Chai," alisema, akacheka.