Jiwe la Mgongo

Nyumbani kwetu Uvira kila mtu alijikanda kwa alichonacho. Mama aliviringisha mchi chini ya nyayo zake mpaka akasinzia kwenye kigoda. Visigino alivisugua kwa gunzi la muhindi. Kwa mgongo tulikuwa na jiwe la ziwani, laini, ukubwa wa embe, tuliloliacha juani likapata moto kisha tukalipaka mawese. Unalala chali juu yake, unajisogeza polepole, na milima ya ng'ambo inaanza kuelea. Mimi nililipenda jiwe lile kuliko mchezo wowote. Nilikuwa mtoto wa ajabu, nakubali.

Kaka yangu hakulihitaji. Yeye mama alimkanda kwa mikono tangu kuzaliwa, kila Jumapili baada ya misa, hata alipoanza kuota ndevu. Nilimwonea wivu.

Uhuru ulikuja, tukacheza ngoma. Miaka michache baadaye ukaja uasi, naye akaenda na waasi. Mganga wao alimchanja, akamnyunyizia dawa: risasi zingegeuka maji, mradi asiguswe na mwanamke, hata aliyemzaa.

Alasiri moja akaja. Alikuwa ametembea kutoka Luvungi na sanduku la risasi begani, mgongo umekaza, akaingia uani ameinama upande. Joto lilikuwa limeulaza mtaa mzima. Mama akanyoosha mikono.

"Usiniguse, mama! Ukinigusa dawa itakufa, na minye nitakufa."

"Weye iko mutoto wangu."

"Najua. Weka jiwe chini, nitalikamata minye mwenyewe."

Mama akalipaka mawese, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu. Kaka akalilalia kivulini mwa nyumba. Hakujua kulitumia, masikini. Aliliweka chini ya mfupa wenyewe, akapiga kelele. Nikacheka.

"Pembeni ya mufupa," mama akamwelekeza. "Polepole. Pumua."

Sauti yake ilishuka ikawa ile ya kubembelezea watoto, ziwa nalo likigonga mchanga taratibu, hata mimi nikapitiwa na usingizi. Nilipofumbua macho kaka alikuwa amelala fofofo. Mama alikuwa amepiga magoti kando yake, viganja vyake juu ya kifua cha kaka, pakibaki nafasi ya kidole kimoja. Hakumgusa.

Jua lilipopungua kaka akaamka, akajinyoosha, mgongo umelegea. "Aksanti, mama," akasema, akaondoka akicheka. Hakurudi tena.

Miaka mingi baadaye tulikuwa tunachambua mchele, mama na mimi. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba waasi walioguswa na wanawake walirudishwa kwa mganga wakachanjwe upya, wakakaa huko siku nyingi, mbali na vita. Hilo alilijua siku ile ile kaka alipokuja. Lakini dawa aliiamini.

"Ningemugusa tu," akasema. "Kidole kimoja. Angenikasirikia, lakini angekuwa hapa."