Tulipokemea Pepo wa Waifai Pale Mbuya

Niliipaka ruta yangu mafuta ya upako.

Ndiyo, ruta. Kile kisanduku cha waifai chenye taa za kijani.

Usinicheke kwanza. Ngoja nikueleze, halafu ucheke ukiwa na sababu.

Naitwa Abalo, ila hapa kwenye laini yetu ya nyumba za Mbuya wananiita Mama Olal. Mume wangu ni askari, yuko kazini mbali. Nina wajukuu, na bado ni mwanafunzi. Kila jioni nasomea ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao, pamoja na vijana wanaoniita Jjajja, yaani bibi. Sioni aibu. Mungu angetaka nikae bure asingenipa miwani.

Tatizo lilikuwa waifai.

Asubuhi ilikimbia kama boda iliyoona trafiki. Jioni, somo likianza tu, inakufa.

Siku moja nilikuwa najibu swali, picha yangu ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wanafunzi wenzangu wakanigeuza stika. Mtu akichelewa kuleta kazi, wanatuma sura yangu.

Hilo ningelivumilia. Lakini Mwalimu Okwir akatangaza mtihani wa mdomo.

"Mama Abalo," akasema, "ukikatika katikati, unarudia mwaka. Ni sheria ya chuo, siyo yangu."

Kurudia mwaka! Na kuna shule ya watoto hapa mlimani imeniahidi darasa, mradi nifaulu. Darasa langu mwenyewe, na ubao wangu. Nikirudia, watampa mwingine.

Nikaanza kuhangaika.

Nikapigia kampuni. "Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Dada yangu, niliizima na kuiwasha mpaka swichi ikalegea.

Nikaambiwa chuma kinazuia mawimbi. Nikaiondoa pembeni ya sanduku la bati la mume wangu, nikaipandisha juu ya kabati kama mfalme.

Wapi!

Fundi akaja asubuhi. Akapima, akatabasamu. "Nyabo, mtandao wako ni mzima kuliko wangu. Jioni mnakuwa wangapi hapa?"

"Niko peke yangu na Yesu."

Akanitazama, akaitazama ruta inayong'aa mafuta, akachukua mkoba wake akaenda.

Sasa fikiri na wewe. Asubuhi mzima, jioni mgonjwa. Ugonjwa gani unajua saa?

"Huyo ni pepo," akasema Mama Atoo.

Mama Atoo ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, na ukuta wake ndio ukuta wangu. Akikohoa kwake, mimi nasema pole huku kwangu. "Hataki usome. Funga. Na siku ya mtihani tunakuja wote kuufunika huo mtandao kwa maombi."

Nikafunga. Njaa ikanikaba, waifai haikusogea.

Siku ya mtihani wakaja kweli, akina mama wote wa laini yetu, kabla jua halijazama. Hata Mzee Mansur mwenye duka akaleta kiti chake akakaa nje ya mlango.

"Mzee, wewe ni Mwislamu, unakuja kukemea na sisi?"

"Mimi nasoma dua yangu hapa hapa. Nyinyi mfukuzeni huko ndani, akitoka anikute mimi nje."

Nikafungua kompyuta. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka, kinazunguka, kama mlevi anayetafuta geti lake.

"Tuombe!" Mama Atoo akapaza sauti.

Banange, tuliomba! Kabati likatikisika. Na kadiri tulivyoomba, ndivyo mtandao ulivyozidi kufa. Hata kile kiduara kikasimama.

Katikati ya maombi, simu ya mtu ikalia. Wimbo wa disko, ule wa kukata kiuno.

"Zimeni simu!" Mama Atoo akafoka. "Zote! Mnamfukuza pepo huku mnampigia muziki?"

Wakazima. Yeye mwenyewe akaitumbukiza yake kwenye pochi baada ya kuizima.

Na hapo, mbele ya macho yetu, Mwalimu Okwir akatokea kwenye kioo. Safi! Unaweza kuhesabu ndevu zake.

"Ametoka!" mama mmoja akapiga kelele. Vigelegele. Blandine, jirani wa mwisho wa laini, akaruka mpaka kandambili ikapotea. "Rekodi! Rekodi muujiza!"

Kila mtu akawasha simu.

Mwalimu Okwir akaganda, kidole kikiwa puani.

"Amerudi!" Mama Atoo akalia. "Na safari hii ameleta wenzake!"

Wao wakaanza kukemea upya. Mimi nikazitazama zile simu mikononi mwao.

Simu zimezimwa, Mwalimu amekuja. Zimewashwa, ameondoka.

Ndugu yangu, mimi nilijua mtandao ni kama taa. Taa haipungui mwanga kwa sababu wageni wameketi chini yake. Na kwangu mgeni hanyimwi kitu. Akiingia, kabla ya chai anapewa neno la siri la waifai. Ndivyo nilivyowakaribisha wote hawa siku walipokuja kuomba mara ya kwanza, na kuta zetu ni nyembamba. Jioni wakirudi makwao, kila simu inaingia yenyewe kwenye ruta yangu.

Kumbe siyo taa. Ni jerikeni moja, na laini nzima tumetumbukiza mirija.

Nikachukua kikapu cha sadaka.

"Leo sadaka ni simu," nikasema. "Zimezimwa. Weka humu."

"Mama Olal, umeota?"

"Weka."

Wakaweka wakinung'unika. Mama Atoo peke yake akashika pochi kwapani.

"Yangu haizimwi tena. Inashusha mahubiri."

Nikamwangalia. Akaitoa ile simu kwenye pochi anionyeshe. Blandine akachungulia, akasoma kwa sauti kama anasoma somo la kwanza kanisani:

"Machozi ya Bibi Harusi. Sehemu ya arobaini na moja. Inashuka. Sehemu ya arobaini na mbili. Inashuka."

Nje, Mzee Mansur akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Namchunguza adui," Mama Atoo akasema.

"Adui amefika sehemu ya ngapi?" Mzee Mansur akauliza.

Mama Atoo akaizima simu, akaitia kikapuni.

Mwalimu Okwir akarudi, kidole kimeshatoka. "Mama Abalo, unanisikia? Swali. Watoto wote darasani wanagombania kitu kimoja. Mwalimu afanye nini?"

Nikawatazama majirani zangu, watu wazima, wamenuna, mikono mitupu.

"Kwanza anakusanya kila kitu kwenye kikapu," nikajibu. "Halafu anawapa kwa zamu. Na hasikilizi anayedai kwamba chake ni cha Mungu."

Nilifaulu. Darasa nimepewa.

Neno la siri nikalibadilisha. Sasa wanaingia kwa zamu, na saa ya somo haingii mtu.

Jumapili iliyofuata Mama Atoo akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akaeleza jinsi alivyomtoa pepo wa waifai nyumbani kwa jirani, kwa kufunga na kuomba. Kanisa zima likalipuka. Mchungaji akalia machozi.

Watu wakanigeukia mimi, wanataka nithibitishe.

Nikasimama. Nikapiga makofi kuliko wote.

Ningefanyaje? Pepo alikuwa ametoka kweli. Na aliyemtoa ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye pochi yake.

Basi wewe unayesoma hapa kwa waifai ya mtu: omba, usichoke kuomba. Lakini shetani ana dhambi zake za kutosha. Tusimbebeshe na zetu.