Hewa Iliyolala Chini ya Mapipa

Ipo siku moja ambayo imekataa kuzeeka ndani yangu, mwanangu. Kwa kuwa umenipigia simu kutoka Louisville ukiwa na furaha ya kuwa mwenyeji wa siku ya kukamua matufaha, sina budi kukusimulia siku hiyo kabla wageni wako hawajafika. Uliniambia kwamba klabu yenu ya watu wanaotengeneza pombe majumbani imekuchagua wewe mwaka huu, na kwamba kikamulio cha mbao tayari kimesimama uani. Nilikupongeza kwa moyo wote. Kisha nikakuuliza habari za madirisha ya chumba cha chini, nawe ukacheka, ukanijibu kwa Kiingereza kwamba ni maji ya matunda tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba simu haitoshi.

Wakati ule nilikuwa kijana kama wewe, nikisoma chuo mjini Columbus na kupanga chumba Reynoldsburg pamoja na wasichana wawili wa Kirundi. Mjomba wangu Byamungu alikuwa akiishi North Buffalo na mama yake mzazi, bibi yangu, ambaye sote tulimwita Tate kama ilivyo desturi ya kwetu Kivu. Mjomba alifanya kazi kiwandani, na huko alipata rafiki mmoja mzee, Mmarekani aliyeitwa Harold, mwenyekiti wa klabu ya wapika pombe. Harold alipoonja kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo mjomba alikuwa akiipika kwa siri, alimwingiza klabuni siku hiyohiyo. Haukupita muda mrefu, na mjomba akaombwa kuwa mwenyeji wa siku ya kukamua. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupewa heshima hiyo. Alinipigia simu Columbus akaniambia, "Neema, njoo. Bazungu banakuja kwangu, donc sitaki waseme hatujue kupokea wageni."

Nyumba yake ilikuwa na chumba kikubwa cha chini, na ndani ya chumba hicho, mbele ya ngazi ya kushukia, palikuwa na shimo la zamani la kuwekea makaa, pana kama jiko la nyumba yako, lililoshuka chini ya sakafu kwa ngazi chache za mawe. Kwa sababu ya ubaridi wake, klabu ilikuwa imeyapanga humo mapipa ya mkamuo wa kwanza, uliofanyika juma lililotangulia. Maji ya matufaha yalikuwa yakichacha kwa nguvu. Kila pipa lilikuwa na kidude cha plastiki juu yake, cha kuitoa hewa bila kuiingiza, na vidude hivyo vilitoa sauti ndogo mfululizo, kama ya watu wengi wanaomeza mate mmoja baada ya mwingine.

Harold alikuwa amemwonya mjomba aache madirisha wazi. Na mjomba hakuhitaji hata kuonywa, maana sisi tumezaliwa kandokando ya milima ya moto, upande wa Goma, ambako katika mabonde madogo ardhi hutoa hewa isiyo na rangi, nzito kuliko hewa yetu, inayotulia chini kama maji katika bakuli. Watu huiita mazuku. Mbuzi akishuka humo asubuhi kabla upepo haujavuma, hulala, wala haamki. Chuoni nilifundishwa kuiita hewa ya ukaa, na kwamba ndiyo hiyohiyo inayotoka katika pombe inayochacha. Kwa hiyo usidhani kisa hiki ni cha watu wasiojua. Sote tulijua.

Lakini ukuta kwa ukuta na mjomba walikuwa wakiishi watu wa kanisa letu, na mjomba alikuwa mwimbaji wa kwaya. Harufu ya pombe ilikuwa imeanza kutoka kupitia madirisha yale. Basi siku mbili kabla ya wageni akayaziba kwa plastiki na blanketi, akajiambia kwamba anazuia baridi ili wageni wakute nyumba ina joto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuwa na maradhi. Alikuwa na aibu tu, na aibu nayo huziba madirisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kijivu, majani yamelowa, mwanga ukiwa uleule tangu asubuhi hadi alasiri kana kwamba jua limesahau kazi yake. Uani kulikuwa na furaha. Watu walikuwa wakiosha matufaha, wengine wakiyasaga, wengine wakizungusha mkono wa kikamulio hadi maji ya rangi ya chai yatiririke ndooni. Nyigu walilewa wakaangukia mezani. Harold alisimama juu ya kreti akatangaza, "Leo tutajua kama Byamungu anajua kukamua au anajua kunywa tu!"

"Weye ngoja," mjomba akamjibu kwa Kiingereza chake kilichochanganyika, "ukionja yangu, utasahau njia ya nyumba yako."

Watu wakacheka. Leo siwezi kuyakumbuka maneno yale nikacheka tena.

Tate alikuwa ameketi jikoni, juu kabisa ya lile shimo la makaa. Nilipoingia kuchukua visu nilimkuta ameinamisha kichwa, amekaza macho sakafuni.

"Kuko batu banaongea chini," akasema.

"Ni mapipa, Tate. Pombe inachacha."

"Najua ni mapipa." Akagusa sakafu kwa kidole cha mguu. "Tangu asubuhi banaongea. Sasa banaongea polepole. Na paka iko wapi?"

Paka wa mjomba hakuwahi kukosa siku yenye nyama, na mezani kulikuwa na nyama ya kuku. Nilikwenda hadi kwenye mlango wa chumba cha chini, nikaukuta wazi na taa ikiwaka. Pua yangu ilichomwa kidogo, kama unapokunywa soda kwa pupa. Mjomba alikuwa amesimama ngazi ya pili kutoka juu, bilauri mbili mkononi, akimtazama mtu chini.

Alikuwa Harold. Alikuwa ameshuka kusikiliza mapipa, kama alivyozoea, kwa maana alikuwa akisema kila pipa lina sauti yake. Sasa ameketi ndani ya lile shimo, mgongo wima, mikono magotini, kidevu kimeshuka kifuani. Alikuwa akitabasamu. Miguuni pake paka amejikunja, mkia umefunika pua, kama wanavyolala paka wote duniani. Hakuna kilichoanguka wala kilichovunjika. Ningekuonyesha picha ya pale ungesema huyu mzee amepata mahali pazuri pa kupumzika.

"Harold," mjomba akaita. "Harold! Bon, amelewa huyu." Akashuka ngazi moja.

Mkono ukapita ubavuni mwangu. Tate, ambaye kuinuka kitini kwake kulikuwa kazi ya kuombewa msaada, alikuwa amemshika mwanawe mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Usishuke."

"Mama, niache. Mugeni wangu amezimia."

"Neema, leta moto!"

Nikachomoa gazeti lililokuwa juu ya meza, nikaliwasha kwenye jiko, nikamkabidhi. Akalitupa kwa juu ya bega la mjomba. Karatasi ile iliwaka vizuri ikishuka, ikafika juu kidogo ya kichwa cha Harold aliyeketi, kisha ikazimika. Haikufifia, mwanangu. Ilizimika kama imetumbukizwa majini. Na moshi wake haukupanda. Ulitandaa bapa, ukakaa hewani juu ya kitu tusichokiona, ukayumba polepole kutoka ukuta hadi ukuta, na kichwa cha Harold kilikuwa chini ya moshi ule.

Mjomba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Kisha akajirusha mbele. Alikuwa mtu mwenye nguvu, na nilidhani Tate ataburuzwa naye. Lakini bibi yule alikuwa ameketi chini mlangoni, miguu ameikaza kwenye miimo, mkanda ameuzungushia kiganjani.

"Mugeni wangu anakufa ndani ya nyumba yangu!"

"Na weye utamupeleka wapi? Mutalala bawili pale chini, halafu nani atakuja kuwatosha mule shimoni? Huyu?" Akanitazama mimi. "Eh? Huyu naye ashuke?"

"Niache, mama! Batasema nini? Mutu alikuja kwangu akafia kwangu, na mimi nikisimama!"

"Batasema ulisimama. Simama." Kisha, bila kunigeukia, "Neema, vunja madirisha."

Nilikimbia uani. Nakiri kwako wazi kwamba kama Tate asingekuwapo ningeshuka pamoja na mjomba, na masomo yangu yote yasingenizuia. Nilipiga kelele, mmoja wa wageni akapiga simu ya dharura, nasi wengine tukavunja vioo kwa koleo na kung'oa blanketi. Mwanamke mmoja wa klabu akashika ile mashine ya kupulizia majani makavu iliyokuwa imeegemezwa kwenye uzio, akaingiza mdomo wake dirishani, akaiwasha. Ikanguruma. Nikarudi ndani mbio.

Huko nilikuta mama na mwana katika hali ileile, mama amekaa, mwana amesimama. Mjomba alikuwa akilia kwa sauti, akimwita rafiki yake kwa jina, na rafiki yake akitabasamu. Upepo wa mashine uliugusa ule moshi ukachanika. Tate akaagiza gazeti jingine. Likazimika. Akaagiza jingine. Dakika zile sikuzihesabu, na sitaki mtu anihesabie. Mwishowe karatasi ikatua sakafuni mwa shimo ikiwaka, ikaendelea kuwaka hadi ikawa majivu.

Tate akafungua kiganja. "Sasa nenda."

Mjomba akashuka akiwa amefungwa kamba ya magunia kiunoni, wanaume wa klabu wameishika juu, akamtoa Harold mabegani kama gunia la matufaha. Zimamoto walipofika walimkuta amelazwa kwenye majani, anapumua kwa mikoromo.

Harold aliishi. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka tangu siku ile, lakini aliishi miaka mingi. Alipoweza kuzungumza alituambia kwamba alihisi kichwa kizito na moyo ukienda mbio, akageuka atoke, na hapo mtu akamsogezea mahali pa kukaa, kwa adabu sana, naye akaona si vizuri kukataa. Alikuwa ameketi juu ya kreti. Mjomba ameapa mara nyingi kwamba kreti zote alikuwa amezipanga upande wa pili wa chumba. Mimi ni mtu wa elimu, na najua mtu anayekosa hewa huona mengi, na huenda mzee aliivuta mwenyewe akasahau. Nakueleza kama nilivyoelezwa.

Ungedhani nyumba ile ilijaa shukrani. Mjomba hakumsemesha mama yake majira yote ya baridi ila kwa mambo ya chakula na dawa. "Ulinisimamisha nikimuangalia mugeni wangu anakufa," alimwambia jioni ileile mbele yangu, na hakurudia tena wala hakuyafuta.

Kesho yake nilikuwa naosha bilauri za wageni pamoja na Tate. Nikamuuliza kwa nini hamwelezi mwanawe sababu ya kumshika. Akasema, bila kuacha kusugua, kwamba kifungua mimba wake, kaka mkubwa wa Byamungu, alishuka bondeni kwenye mazuku kumfuata mbuzi. Baba yao akamfuata mtoto. Naye Tate alikuwa amekwisha kushuka hatua zake za kwanza, pale wifi yake alipomwangusha chini na kumkalia mgongoni.

"Nilimuuma mukono," akasema. "Nilimuchukia mpaka alikufa. Sikumusalimia hata tukikutana ku harusi."

"Na mjomba alikuwa wapi?"

"Nilikuwa namubeba mgongoni. Wifi alimutosha mgongoni kwanza, akamuweka ku majani, halafu akanikalia."

Nikasema basi mjomba anastahili kujua. Tate akaiinua bilauri, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kuona kama imebaki na uchafu.

"Acha anichukie," akasema. "Anachukia akiwa hai."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimefika kwenye lile nililotaka kukupa. Wageni wako wanakuja, nasi tumelelewa kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Mpokee mgeni kwa mikono miwili, lakini usizibe dirisha kwa ajili ya sifa yako, wala kwa kuwaogopa majirani, wala hata kwa kuwaogopa watu wa kanisa. Bora harufu itoke mtaa mzima ukasemwa. Mtu asishuke peke yake kwenye mapipa, hata akiwa ndiye fundi wa mafundi. Na ikitokea mmoja amelala pale chini, jua kwamba hewa ile haimwui aliyeingia kwanza peke yake. Inamngoja anayempenda. Huruma inayokimbia bila kutazama huiongezea chakula.

Siku hiyo utamwona mtu karibu yako anataka kukimbia. Mshike. Atakutukana, atakuuma, atakuambia huna utu, na huenda akaondoka na chuki hiyo hadi kaburini. Mshike vilevile, huku wengine wakifungua njia ya upepo. Tenda wema nenda zako, walisema wazee, na mimi sasa najua kwamba upo wema ambao hata usipokwenda zako, uliyemtendea atakuacha.

Mungu akupe mkono usiofunguka kabla ya wakati wake. Akupe watu wa kukushika siku utakapokuwa wewe ndiye unayekimbia, na akupe miaka ya kutosha kuwasamehe. Nyumba yako ijae wageni, na kila aliyeingia kwa miguu yake atoke kwa miguu yake. Amina.